Chuo cha Uzee cha Hagsätra

Baudouin aligundua kwamba mvi zina faida kuliko dhahabu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, ndani ya treni itokayo Tumba kwenda mjini. Kabla ya hapo aliziona mvi kama watu wengine wanavyoziona, yaani hasara inayoota kichwani.

Alikuwa ameketi na Callixte, fundi bomba, mtu wa Uvira, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili na kichwa cheupe pe. Katika ukoo wa Callixte mvi huanza kuota mtu akiwa na miaka thelathini, wala hakuna anayeshangaa. Wakaguzi wa tiketi wakaingia. Baudouin akatoa tiketi yake, ambayo siku hiyo, sijui ilikuwaje, ilikuwa halali. Callixte akatoa yake. Mkaguzi akaiangalia tiketi, akamwangalia Callixte, akainamisha kichwa kwa adabu na kusema, "Tack, farbror," kama mtu anavyomshukuru babu aliyesogea kumpisha, akapita zake.

"Umesikia?" Callixte akanong'ona, mishipa ya shingo imemsimama. "Farbror! Yule binti wa kioski ameniuzia tiketi ya wazee bila hata kuniuliza. Mimi, mtoto wa hamsini na mbili!"

"Umelipa ngapi?"

"Karibu nusu. Lakini hapa si maneno ya pesa, Baudouin. Ni heshima yangu."

Mtu mwingine angempa pole. Baudouin hakuwa akisikia tena. Alikuwa akiutazama mgongo wa mkaguzi ukienda zake. Katika jiji hili, ukitimiza miaka sitini na mitano, unasafiri kwa bei ya punguzo, nawe unatakiwa kuonyesha kitambulisho ukiulizwa. Lakini nani aliyemwuliza Callixte? Hawa ndugu zetu wa Uswidi, Baudouin akawaza, wanaukata msonobari, wanahesabu pete zake, wanakwambia ulichipua mwaka gani. Lakini uso wa Mkongo umewashinda kuusoma. Wa arobaini na tano na wa sabini kwao ni kitabu kimoja, na kuuliza wanaona haya.

"Hii," akajisemea huku treni ikiingia mjini, "ni dosye."

Inafaa tuelezane hapa kwamba Baudouin hakuwahi kuita mpango wake wowote wizi. Kila mmoja ulikuwa dosye, yaani faili la kazi, na yeye alikuwa mshauri wa dosye hiyo. Alikuwa na miaka hamsini, mzaliwa wa Bukavu, koti refu jeusi, viatu vinavyong'aa hata katika tope la theluji, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji. Katika miaka kumi na moja ya Stockholm alikuwa amewauzia watu kozi ya Kiswidi ya kusikiliza ukiwa umelala, na wengine akawakodishia maegesho ya magari ambayo, ilikuja kujulikana, hayakuwa yake. Wahenga walisema za mwizi ni arobaini. Baudouin hakuwahi kuhesabu kupita thelathini na tisa.

Mkewe, Pélagie, ndiye aliyehesabu. Pélagie alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, akiwainua vitandani, akiwaogesha, na jioni akirudi nyumbani Hagsätra kumlea mmoja asiye mzee. Baada ya dosye ya maegesho alikuwa amemwambia, akimwita kwa jina la binti yao na bila kupandisha sauti, "Papa Aurore, mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilipiga kelele. Ya tatu utanikuta nimebadilisha kitasa." Baudouin alimfahamu mkewe. Mwanamke akipiga kelele kuna mazungumzo, lakini akiongea taratibu kuhusu vitasa, kuna fundi ameshaulizwa bei.

Kwa hiyo dosye hii ilibidi iwe safi, ya kimya, na ya mwisho.

* * *

Mteja wa kwanza alimpata kanisani. Wakongo wa upande wa kusini walikuwa wakikodi ukumbi Tumba kila Jumapili, na shemasi wao alikuwa Papa Édouard, mtu wa miaka hamsini na sita aliyejulikana kwa kugawa vikombe vya chai nusu nusu ili majani yasiishe.

"Papa Édouard," Baudouin akamwambia mlangoni, "naona huruma nikikufikiria ukilipa kadi ya mwezi kwa bei kamili."

"Nifanyeje? Ndiyo bei."

"Ndiyo bei ya vijana. Una miaka hamsini na sita. Serikali inataka uisubiri miaka tisa. Mimi nakupa uzee leo, kwa wiki sita, na karo unalipa mara moja tu."

Shemasi akatazama kushoto na kulia. "Lakini huo si uongo?"

"Uongo ni kusema. Wewe utasema nini? Utatembea polepole tu. Nionyeshe kitabu kinachosema kutembea polepole ni dhambi."

Papa Édouard alivitafuta vitabu vyote alivyovijua kichwani, hakukiona. Tamaa ikishamshika mtu inamfanya msomaji mzuri sana wa yale yasiyoandikwa.

Kufikia mwisho wa juma wateja walikuwa saba. Mgumu kuliko wote alikuwa Bethuel, Mkenya wa Kakamega aliyekaa Hagsätra na kufanya kazi katika ghala huko Akalla, yaani kila siku alivuka jiji zima kutoka mwisho wa reli moja hadi mwisho wa nyingine.

"Buda, maneno yako ni matamu," Bethuel akasema. "Lakini pesa yangu haiingii mfukoni mwako. Hata ulie."

"Hunipi imani, ndugu yangu?"

"Nilikupa mwaka jana. Nikaegesha gari juu yake. Likavutwa."

Wale sita wengine wakatingisha vichwa kumuunga mkono. Wakakata shauri: karo ishikwe na mtu mzima anayeaminika mpaka wapasi mtihani, ndipo Baudouin alipwe. Na mtu mzima huyo awe nani, kama si Mama Laurentine?

Baudouin akajifanya amechukia, lakini moyoni akacheka. Mama Laurentine alikuwa mjane wa miaka sabini na miwili, jirani wa ng'ambo ya uwanja pale Hagsätra, maarufu kwa sala ndefu na magoti mabovu. Kusimama kutoka kwenye kiti kulimchukua muda wa kutosha chai kupoa. Macho yake yalikuwa hafifu, noti alizihesabu kwa kuzipapasa. Na vidole vinavyopapasa, Baudouin akawaza, hukosea hesabu. Siku ya kugawana atamwachia noti chache za juu, amwambie ndizo zote, naye atashukuru na kumwombea.

Zaidi ya hayo, chuo kilihitaji mwalimu.

Alimkuta kando ya dirisha, shali mabegani. Akamweleza mambo yote kwa lugha laini: ndugu wachache, safari ghali, mafunzo kidogo ya mwenendo. Mama Laurentine akafumba macho kwa muda mrefu hivi kwamba Baudouin akadhani amesinzia.

"Kwa hiyo, mutoto wangu, unataka nifundishe watu uzee."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi napata nini?"

"Sehemu ya kumi, Mama."

"Ya kumi ni ya Mungu," Mama Laurentine akasema bila kufumbua macho. "Mimi nataka ya tatu."

Wakakubaliana. Karo za watu saba zikaingia katika kopo la bati la biskuti, kopo likaingia chini ya kitanda cha Mama Laurentine, na chuo kikafunguliwa.

* * *

Masomo yalifanyika Jumamosi asubuhi katika chumba cha kufulia nguo, chini ya ghorofa anamokaa Bethuel. Huko kila mpangaji hujiandikia saa yake ukutani, na hakuna Mswidi atakayeingia katika saa ya mwenzake hata nyumba ikiwaka moto. Waliwasha mashine mbili zizunguke tupu ili jirani akipita asikie ufuaji. Baudouin akagawa mikongojo na kofia alizonunua kwenye duka la mitumba, akawaonyesha jinsi ya kupaka nywele mchanganyiko wake wa unga wa viazi na mafuta ya mgando. Kisha akampisha mwalimu.

Papa Édouard ndiye aliyejitokeza wa kwanza. Akakunja mgongo kama ndoano, akatetemesha mikono, akakohoa mpaka miwani ikamdondoka.

"Papa Édouard," Mama Laurentine akasema kwa upole, "wewe unakufa. Tunataka mzee, hatutaki marehemu."

Akawafundisha. Nami nakiri, kama kweli uzee una digrii, mwanamke yule alikuwa profesa.

"Acheni migongo. Mgongo ni wa waigizaji. Kijana akiona kiti anaketi. Mzee akiona kiti, kwanza anakifikiria." Wakafanya zoezi la kufikiria kiti. "Mkaguzi akija, musitafute tiketi haraka. Tafuta mfuko wa kwanza, tafuta wa pili, rudi wa kwanza. Kufika wa tatu yeye mwenyewe atakwambia basi, baba, pumzika. Na kijana akiulizwa swali anajibu hilo. Mzee akiulizwa swali anajibu lingine."

"Umezaliwa mwaka gani, Papa Bethuel?" Baudouin akamjaribu.

"Ule mwaka," Bethuel akasema taratibu, macho yakiwa mbali, "ng'ombe wetu walikuwa kumi na wanne."

Chumba kizima kikampigia makofi.

Wiki ya tatu ilipofika, mambo yalikuwa yamewaingia hadi mifupani. Mke wa Bethuel akaanza kuuliza kwa nini mumewe anasita mbele ya sofa. Papa Édouard akaacha kutumia ngazi hata pale ambapo hakuna lifti. Walipokutana mitaani walisalimiana kwa kuulizana hali ya magoti, na wawili kati yao, nasikia, walianza kuumwa kweli.

Mama Laurentine alikuwa pia na kazi za nyumbani. Kila mwanafunzi alitakiwa kumsindikiza mwanamke mzee mmoja wa kanisa kwenda kwa daktari au sokoni, "ili muone uzee wa kweli unavyotembea." Bethuel akapangiwa Mama Stellah, Mganda wa miaka sabini na minne aliyekuwa akisali nao kwa sababu alipenda nyimbo. Jumamosi iliyofuata Bethuel akaja amekasirika.

"Mnajua Mama Stellah analipa kadi ya bei kamili? Tangu afike nchi hii! Hakuna mtu alimwambia kuna bei ya wazee. Na ni haki yake!"

"Wangu pia," mwingine akasema. "Anasema aliogopa kuuliza, lugha hana."

Wakahesabu. Walikuwa kina mama kumi na mmoja pale kanisani, wote wamepita sitini na mitano, wote wanalipa kama vijana.

Baudouin akacheka. "Ndugu zangu, ujinga nao ni kodi. Turudi kwenye kiti."

Mama Laurentine hakucheka. Aliitazama mashine ikizungusha maji, kisha akakohoa kidogo na kuomba aandikiwe yale majina kumi na moja kwenye karatasi, ili awakumbuke katika sala.

* * *

Mtihani ulikuwa Alhamisi adhuhuri, mwezi wa pili, baridi ya kukata masikio. Safari ni kutoka Hagsätra hadi stesheni kuu ya katikati ya mji, kushuka zile ngazi ndefu za umeme, kupanda treni ya reli ya bluu, kufika Akalla. Mama Laurentine alisema magoti hayamruhusu. Akawabariki mlangoni mmoja mmoja.

Waliingia stesheni kwa mstari, kofia saba, mikongojo saba, kila mmoja na kadi mpya ya plastiki yenye bei ya wazee. Baudouin aliwafuata kwa mbali, amevaa koti lake jeusi, kadi yake ya bei kamili mfukoni, kwa maana mtahini hafanyi mtihani. Mambo yakaenda kama asali. Kwenye ngazi za umeme watu walisimama upande kuwapisha. Ndani ya treni vijana wanne waliinuka kwa pamoja. Papa Édouard akakifikiria kiti kwa kina hivi kwamba mama mmoja wa Kiswidi akamshika kiwiko na kumkalisha. Baudouin alijisikia kama mwalimu mkuu siku ya mahafali.

Shida iliingilia Solna. Ilikuja imevaa sare ya ukaguzi, ina nywele zilizosukwa vizuri na beji ya jina: Rebecka. Alikuwa binti aliyezaliwa papa hapa Uswidi na wazazi wa Kitanzania. Baudouin alikuwa amewahesabu Waswidi wote na macho yao. Hakukumbuka kuwahesabu watoto wetu.

Rebecka akaitazama ile safu ya kofia. Akatabasamu.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanetu, marahaba!" wakajibu saba kwa pamoja, kwa furaha iliyozidi kipimo. Baadhi yao, watu wa Kivu, hawakuwa wamesalimiwa hivyo maishani mwao.

Akamwendea Bethuel, akaisoma kadi yake kwenye kimashine. "Bei ya wazee. Mzee wangu, ulizaliwa mwaka gani?"

"Ule mwaka," Bethuel akaanza, "ng'ombe wetu..."

"Mimi sikukuuliza ng'ombe. Naomba legitimation, kitambulisho."

Bethuel akapekua mfuko wa kwanza. Akapekua wa pili. Akarudi wa kwanza. Rebecka akasubiri. Ana bibi Morogoro huyu. Subira ya mchezo huo alifundishwa akiwa mtoto. Mfuko wa tatu ulipokwisha akageukia kwa Papa Édouard.

Behewa lilikuwa na joto, na shemasi alikuwa amevaa sweta mbili. Jasho lilianza kwenye paji la uso, likapanda hadi nywelini, likakutana na unga wa viazi. Ujiuji mweupe ukaanza kushuka taratibu nyuma ya sikio.

"Mzee," Rebecka akasema, naye alijitahidi sana asicheke, "uzee wako unachuruzika."

Papa Édouard akaugusa ule uji, akautazama kidoleni, na kwa hofu akaulamba. Hapo hata yule mama wa Kiswidi aliyemkalisha akarudisha mkono wake mfukoni.

Faini saba ziliandikwa kati ya Solna na Kista, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mzuri. Na mtahini? Mtahini alishuka Kista bila kugeuka, akapotea kati ya watu.

* * *

Jioni ileile simu ya Baudouin ililia mara kumi na tisa. Ya ishirini akaipokea.

"Buda," ilikuwa sauti ya Bethuel, ya kijana kabisa sasa, "sisi saba tumekaa hapa. Tunataka karo yetu yote kabla ya Jumapili jioni. Isipofika, tunakuja kwako kunywa chai na Mama Aurore."

Baudouin aliutazama mlango wake wa mbele, na kitasa chake. Akavaa koti, akavuka uwanja mbio hadi kwa Mama Laurentine. Njiani alibuni mpango mpya: achukue kopo lote, awarudishie watatu wenye kelele, wanne wengine awape ahadi.

Mama Laurentine alikuwa ameketi palepale dirishani.

"Nimesikia, mutoto wangu. Mungu ni mwema, hakuna aliyefungwa."

"Mama, nipe kopo niwarudishie wenyewe."

"Wewe? Peke yako, na pesa za watu, njia yote hiyo?" Akatikisa kichwa kwa huruma. "Watasema umekula hata kama hujala. Jumapili, kanisani, baada ya matangazo. Mbele ya watu kila mtu atapata chake."

Alibembeleza, akanuna, akamtaja marehemu mume wake. Mama Laurentine akafumba macho. Safari hii alikoroma.

Jumapili Baudouin alifika Tumba kabla ya wapiga kinanda. Pélagie akashangaa mumewe kumtangulia kanisani, akaketi kando yake bila kuuliza. Wale saba walikaa mstari wa nyuma, nywele nyeusi, nyuso zimekunjwa, wakimtazama kisogoni. Matangazo yakasomwa. Kisha Mama Laurentine akaomba neno, na kanisa zima likasubiri wakati akisimama.

"Ndugu," akasema, "mara nyingi tunasema vijana wa siku hizi hawana moyo. Mimi leo nina ushuhuda. Mtoto wetu Baudouin alikuja kwangu akiwa na uchungu. Akaniambia, Mama, kuna wajane katika kanisa hili wanaolipa nauli kamili miaka na miaka, kwa sababu hakuna aliyewaambia haki yao."

Baudouin akaanza kuutafuta mlango kwa macho.

"Akawakusanya ndugu saba. Kila mmoja akatoa cha mfukoni. Hawakutaka majina yao yatajwe." Akatabasamu. "Lakini mimi ni muzee, nasahau niliyokatazwa. Papa Édouard, simama. Papa Bethuel, simama." Akawataja wote saba, nao, mmoja baada ya mwingine, wakainuka kama watu wanaoitwa mahakamani. "Ijumaa nilikwenda na wamama wetu, nimewanunulia kadi zao. Wamama, onyesheni!"

Mikono kumi na mmoja ikapaa. Kadi kumi na moja za plastiki zikang'aa chini ya taa za ukumbi. Mama Stellah akapiga kigelegele cha kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyesikia kitu.

Sasa, ewe msomaji mwadilifu, jiweke mahali pa Papa Édouard. Ungesema nini? Ungeinua mkono ueleze kwamba pesa ile haikuwa sadaka bali karo ya kujifunza kuiba nauli? Shemasi alilia. Waumini wakadhani ni furaha, wakalia naye. Bethuel alikumbatiwa na Mama Stellah kwa nguvu iliyomtoa pumzi, na inasemekana uso wake ulilainika kidogo, maana pesa iliuma lakini kumbatio nalo lilikuwa la kweli.

Mchungaji akashika maikrofoni. Akasema jambo jema halifai kuachwa yatima. Akatangaza kamati ya usafiri wa wazee, kazi yake kuwasindikiza kina mama kila mwezi kujaza kadi zao na kuwasomea barua, na mwenyekiti wake, bila kupigiwa kura, kwa sauti ya kanisa zima: Baudouin.

* * *

Alimkamata Mama Laurentine kwenye stesheni ya Tumba, chini ya saa ya jukwaani. Alikuwa peke yake, begi begani.

"Mama," akasema kwa meno yaliyobana, "kadi kumi na moja za bei ya wazee hazimalizi hata nusu ya kopo. Nimepiga hesabu wakati wa sala."

"Kulikuwa na gharama."

"Gharama gani?"

"Meli ya kwenda Ufini inaondoka leo jioni. Chumba chenye dirisha. Sijawahi kuiona bahari hii kutoka juu yake." Treni ya mjini ikaonekana kwa mbali. Mama Laurentine akaukunja mkongojo wake wa chuma, vipande vitatu, tak tak tak, akautia begini. Kisha akanyoosha mgongo. Baudouin akashtuka, mwanamke yule alikuwa mrefu kumzidi.

"Mama... magoti?"

"Magoti yana nini?" Sauti nayo ilikuwa imebadilika, ilikuwa imevua shali. "Sikia, Baudouin. Kule kambini, Kigoma, karani alikuwa na haraka. Aliandika nimezaliwa mwaka wa thelathini na nane. Mimi ni wa hamsini na moja. Lakini mkimbizi ni nani amsahihishe mtu mwenye kalamu? Kufika hapa wakanikuta mzee, wakanipa vya mzee. Ikabidi nikue haraka. Miaka kumi naufanyia kazi uzee huu, kila siku, hata kwenye baridi. Ninyi mlitaka kuupata kwa Jumamosi sita."

Dosye zote za maisha ya Baudouin zilimpitia mbele ya macho, na zote zilionekana ndogo.

"Nitasema," akatamka mwishowe. "Nitawaambia wote."

"Sema. Anza na jinsi ulivyonipata." Treni ikasimama, milango ikafunguka. Mama Laurentine akaingia kwa hatua moja nyepesi, bila kukifikiria kiti chochote, akaketi dirishani. Milango ikajifunga. Akampungia mkono kama bibi kizee, ule mkono wa kutetemeka kidogo, maana kwenye jukwaa watu wa kanisa walikuwa wameanza kufika.

Walikuja wote kumi na mmoja, wameshikana mikono, wakicheka kama wasichana. Walikuwa wameamua kwamba kadi isilale bure: leo wanataka kuona mwisho wa kila reli, na mwenyekiti awaongoze. Mbele yao alikuwa Pélagie, macho mekundu, leso mkononi. Alimtazama mumewe kama ambavyo hakuwahi kumtazama tangu Bukavu.

"Papa Aurore," akasema, "wiki zote hizi nikikushuku, nikijua kuna kitu unafanya kila Jumamosi. Hata fundi nilikuwa nimemwita. Kwa nini ulinificha jambo zuri namna hii?"

Baudouin akautafuta ulimi wake, ule ulioweza kumuuzia samaki maji. Hakuna kilichokuja isipokuwa ukweli, naye akautoa kama mtu anayetoa jino.

"Sikujua," akasema.

Pélagie akacheka kwa machozi, akidhani ni unyenyekevu, akamshika mkono.